Kabla ya kuwachimbia wanyamapori silanga

Kiangazi kinapokolea katika nyanda za Lukenya, Kapiti na Konza, wakazi wengi huuliza swali lile lile: kwa nini wanyamapori wasichimbiwe silanga yao huko mbali, ili waache kuja usiku kunywa maji ya mifugo na ya watu? Wengine huuliza kwa hasira, kwa sababu pundamilia wamevunja ua au fisi amebeba mbuzi. Wengine huuliza kwa huruma, kwa sababu wamemwona nyumbu aliyekufa kando ya bwawa lililokauka.

Swali ni la haki, lakini jibu lake si "chimba" tu. Maji yakiwekwa mahali pasipofaa yanaweza kuwafisha wanyama kwa njaa, na yanaweza kumsogeza simba karibu na boma kuliko alivyokuwa. Makala haya yanaeleza sababu, na mambo ya kufanya kabla hujaita tingatinga.

Zamani walihama

Anayesafiri kwa Barabara ya Mombasa hadi leo huwaona pundamilia, swala, kongoni na wakati mwingine twiga baada ya kupita Athi River. Wengi wao wanaishi ndani ya mashamba makubwa yanayofuga na kuhifadhi kwa pamoja. Kuna kituo cha utafiti cha Kapiti kinachomilikiwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, chenye takriban ekari 32,000.

Miaka ya nyuma wanyama hawa hawakuhitaji kuchimbiwa chochote. Mvua ikinyesha walitawanyika uwandani wakinywa kwenye vidimbwi. Vidimbwi vikikauka walirudi kwenye mito isiyokauka, hasa upande wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Katika miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda za Athi na Kapiti walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Leo wamebaki elfu chache tu. Si kwamba maji yalikwisha. Njia za kuyafikia ndizo zilizozibwa na ploti, ua, viwanda, barabara na reli. Kwa hiyo tunapozungumzia kuwawekea wanyama maji, tunazungumzia kufidia safari ambayo hawawezi tena kuifanya.

Na ukame unapopiga, pengo hilo huonekana wazi. Ripoti ya Wizara ya Utalii na Wanyamapori iliyotolewa Novemba 2022 ilihesabu vifo vilivyotokana na ukame nchini kati ya Februari na Oktoba mwaka huo: nyumbu 512, pundamilia wa kawaida 381, ndovu 205, nyati 51, pundamilia wa Grevy 49 na twiga 12. Hao ni wale tu mizoga yao ilionekana. Maeneo ya Amboseli, Tsavo na Laikipia-Samburu ndiyo yaliyoumia zaidi.

Walikufa njaa, maji yakiwa karibu

Hapa tuifuate maji ya mto wetu. Mto Athi unaopita Machakos ukifika Tsavo huitwa Galana, na haukauki. Katika ukame wa 1970 na 1971, inakadiriwa kuwa ndovu wasiopungua 5,900 walikufa Tsavo. Waliochunguza mizoga waligundua kwamba wengi walikuwa majike na watoto, na kwamba hawakufa kwa kiu. Mama mwenye mtoto hawezi kwenda mbali na maji, kwa hiyo makundi hayo yalibaki karibu na mto na mabwawa. Walikula kila kilichokuwa pale, majani na hata magome ya miti, kisha wakafa njaa maji yakiwa umbali mfupi tu. Madume, waliokwenda mbali zaidi kutafuta malisho, walinusurika kwa wingi.

Mfugaji yeyote wa Mwala au Masinga anaijua hali hiyo. Tazama ardhi inayozunguka silanga ya mifugo mwezi wa Septemba. Ni vumbi tupu, na kadiri unavyoondoka ndivyo nyasi zinavyoanza kuonekana. Kila chanzo kipya cha maji huzungukwa na duara la namna hiyo. Ukichimba silanga nyingi zinazokaribiana, maduara hugusana, na nyasi zilizokuwa akiba ya kiangazi huliwa mapema kwa sababu sasa zinafikika.

Afrika Kusini walijifunza jambo hilo kwa gharama. Katika kaskazini mwa mbuga ya Kruger visima vingi vilichimbwa kusaidia wanyama wakati wa ukame. Pundamilia na nyumbu wakahamia huko, simba wakawafuata. Aina ya swala aitwaye korongo, ambaye alikuwa ameishi salama katika nyika ile kavu, akapungua kutoka takriban 450 mwaka 1986 hadi takriban 45 mwaka 1993. Baadaye wasimamizi wa mbuga walifunga sehemu kubwa ya visima hivyo.

Nani hasa anahitaji kunywa

Si kila mnyama anayeonekana uwandani anasubiri birika lako. Pundamilia, nyumbu na nyati hula nyasi, na nyasi kavu haina maji, kwa hiyo lazima wanywe kila siku au kila baada ya siku moja au mbili. Swala granti na pofu wanaweza kukaa muda mrefu wakitegemea unyevu wa majani, na dikidiki karibu hanywi kabisa. Twiga naye hupata sehemu kubwa ya maji yake kwenye majani ya migunga. Mahali ambapo wengi ni hao wa majani, silanga mpya itawaletea washindani tu, na wawindaji nyuma ya washindani.

Mahali ambapo kweli kuna pundamilia na nyumbu waliozingirwa na ua, maji yanahitajika, na piga hesabu kabla ya kuanza. Tukichukua lita 12 kwa pundamilia mmoja kwa siku, kundi la 200 linahitaji lita 2,400. Tangi la lita 10,000 litakwisha siku ya nne au ya tano. Ndovu mmoja mkubwa anaweza kunywa lita 150 au zaidi kwa siku. Ukishawazoesha wanyama kunywa mahali fulani kisha maji yakakatika Agosti, watakuwa wameacha kutafuta kwingine. Chanzo cha maji kisichotegemeka ni afadhali kisingekuwepo.

Ng'ombe na nyumbu wasinywe pamoja

Kwa wafugaji wa Mavoko na pande za Kapiti, hili ndilo jambo la kushika zaidi. Ndama wa nyumbu, katika miezi yao ya kwanza, hubeba virusi ambavyo haviwadhuru wao wenyewe lakini humuua ng'ombe. Madaktari wa mifugo huuita ugonjwa huo MCF. Virusi hutoka kwenye makamasi na machozi ya ndama, na ng'ombe huvipata anapolisha au kunywa pale ndama walipokuwa. Ng'ombe akiugua, macho huwa meupe, pua hutoka usaha mzito, na hakuna dawa ya kumponya. Watafiti wamekuwa wakijaribu chanjo hapo Kapiti, lakini kinga ambayo mfugaji anayo leo ni kuwatenga ng'ombe na nyumbu kuanzia msimu wa kuzaa, mwanzoni mwa mwaka, hadi ndama wakue.

Hiyo ndiyo sababu birika la mifugo na maji ya wanyamapori yasiwe kitu kimoja, hata kama bajeti inakushawishi hivyo. Pia ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuwapa wanyamapori maji yao kwa mpango, mbali na boma, badala ya kuwafukuza tu kila usiku.

Jua hunywa kuliko wanyama

Sasa tuje kwenye silanga yenyewe. Katika maeneo makavu ya kaunti yetu, jua na upepo hukausha maji yaliyo wazi kwa kiasi kinachozidi mita moja na nusu kwa mwaka. Chukua milimita 5 kwa siku. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba hiyo ni takriban sentimita 60. Silanga iliyobaki na kina cha mita moja mvua ya masika ilipokatika itapoteza zaidi ya nusu ya maji yake kabla hata mnyama mmoja hajainamisha kichwa. Silanga pana yenye kina kifupi, ambayo ndiyo rahisi kuchimba, ndiyo mbaya zaidi.

Ukambani tunalo jibu ambalo watu wamesafiri kutoka nchi nyingine kuja kuliangalia: bwawa la mchanga. Ukuta wa zege hujengwa juu ya mwamba, kukata mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe zake. Mchanga wenye chembe kubwa unaweza kushika maji hadi karibu theluthi moja ya ujazo wake. Maji yaliyo zaidi ya sentimita 60 chini ya uso wa mchanga hayaguswi sana na jua, mbu hawazaliani humo, na kinyesi hakielei juu yake. Vikundi vya kujisaidia kama kile cha Utooni, kilichoanza mwaka 1978 chini ya hayati Joshua Mukusya, vimejenga kuta za aina hii kwa mikono yao katika Machakos na kaunti jirani.

Wanyamapori waliijua siri hiyo kabla yetu. Ndovu huchimba mchanga wa mto kwa mguu na mkonga, pundamilia huchimba kwa kwato, nyani kwa mikono, na wengine wasioweza kuchimba hunywa baada yao. Bwawa la mchanga lililojengwa juu kwenye mto, mbali na makazi, huwapa maji bila bomba wala pampu, na maji hayo hayapatikani kwa wingi kiasi cha kuvuta makundi makubwa kukaa hapo.

Lakini mchanga ukiondolewa, maji nayo huondoka. Kila lori la mchanga linalotoka usiku kwenye mto wa msimu limebeba tangi la jirani yako, na la pundamilia pia. Uchotaji haramu wa mchanga huzungumziwa zaidi kama suala la barabara na pesa. Kwa maoni yangu, ungezungumziwa kwanza kama suala la maji.

Ukiamua kujenga

Penye ulazima wa birika na kisima, wenye mashamba wanaofanya vizuri huzingatia mambo machache. Birika huwa chini, usawa wa ardhi, na upande mmoja una mteremko wa mawe au zege yenye mikwaruzo ili mnyama mdogo aliyetumbukia aweze kutoka. Silanga iliyotandikwa plastiki yenye kingo za wima ni mtego: plastiki huteleza, na swala akiingia hatoki. Bomba hufukiwa, kwa sababu fisi na nyani hulitafuna wakishasikia maji ndani. Boya la kufunga maji hukingwa kwa mawe. Tangi na pampu ya sola huwekwa mbali na birika, ndani ya ua imara. Na birika lote huwa mbali na boma, shule, njia ya watoto na barabara kuu. Pundamilia anayevuka Barabara ya Mombasa usiku kwenda kunywa ni hatari kwa gari na abiria wake pia.

Katika dharura, watu wamepeleka maji kwa malori. Patrick Kilonzo Mwalua wa Taita Taveta alijulikana duniani kwa kusafirisha maelfu ya lita hadi kwenye mashimo ya maji ya Tsavo Magharibi, na wanyama walianza kulitambua lori lake. Kazi hiyo inaokoa maisha, lakini hulipiwa mafuta kila siku na haiwezi kuwa mpango wa kudumu. Huko kaskazini, waliojitolea kuwanusuru pundamilia wa Grevy katika ukame wa 2022 waliwapelekea nyasi kavu, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa zimekwisha.

Hatua za kisheria

Katiba imewaweka wanyamapori chini ya serikali ya kitaifa, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ndilo linalowasimamia. Serikali ya kaunti inahusika na huduma za maji na uhifadhi wa udongo na maji. Kwa hiyo mwenye shamba au kikundi kinachotaka kuweka maji ya wanyamapori kinahitaji kupita milango zaidi ya mmoja. Kuchimba kisima au kuzuia mto kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), na tathmini ya mazingira inayowasilishwa kwa NEMA. Ofisi ya KWS ishirikishwe kabla mahali hapajachaguliwa, kwa sababu maofisa wake wanajua makundi yanapita wapi. Anza kwa ofisi ya maji ya kaunti ndogo yako; utaelekezwa.

Walio na silanga za mifugo zinazovamiwa usiku wanaweza kuanza na jambo dogo: kunywesha mifugo mchana, kufunga birika jioni, na kutoacha maji yakimwagika. Simba na fisi wakionekana karibu na maji yenu, mwambieni chifu na KWS siku hiyo hiyo, bila kusubiri mbuzi aliwe. Na kama mtu amejeruhiwa au kuuawa, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya hadi shilingi milioni 5 kwa kifo na milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu. Madai hupitia kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia, na huhitaji ripoti iliyoandikwa mapema katika kituo cha KWS. Nyama na ngozi ya mnyama aliyekufa kwa ukame zisiguswe. Kuwa na nyara bila kibali ni kosa, na mzoga unaweza kuwa na kimeta.