Kwa nini sayanaidi nyingi haileti dhahabu nyingi

Kwenye foleni ya malori Tunduma, yakisubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo, yamo yaliyobeba salfa kutoka bandari ya Dar es Salaam. Ikifika kwenye migodi ya shaba, salfa hiyo huchomwa na kugeuzwa kuwa tindikali ya salfuriki, ambayo ndiyo inayoyeyusha shaba iliyomo kwenye mawe.

Kwa nini isisafirishwe tindikali yenyewe? Sababu moja ni usalama barabarani. Nyingine ni hesabu anayokutana nayo mwanafunzi wa kidato cha tatu kwenye mada ya moli. Gramu 32 za salfa zikiungana na gramu 48 za oksijeni na gramu 18 za maji, hupatikana gramu 98 za tindikali. Kwa uwiano huohuo, tani 30 za salfa hutoa tani 92 hivi za tindikali. Tani 62 za ziada zinatokana na hewa na maji, vitu vinavyopatikana hukohuko kiwandani. Lori moja linafanya kazi ya malori matatu.

Wanakemia huiita hesabu hiyo stoikiometri. Msingi wake ni kwamba atomi hazizaliwi wala hazipotei ndani ya mmenyuko. Zinabadilisha tu wenzi. Wanafunzi wengi huikosa kwa kulinganisha gramu kwa gramu. Njia iliyo salama ni kugeuza gramu kuwa moli, yaani kipimo cha idadi ya chembe, kutazama uwiano kwenye mlinganyo uliosawazishwa, kisha kurudi kwenye gramu.

Katika Mkoa wa Songwe, ilipo Tunduma, upande wa Wilaya ya Songwe, hesabu hiyo inagusa mifuko na afya za watu. Maeneo ya Saza na Mkwajuni yamo kwenye ukanda wa dhahabu wa Lupa, na mbali na mgodi mkubwa wa New Luika wapo wachimbaji wadogo. Kwa kawaida mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huosha unga kwenye mwalo na kukamata dhahabu kwa zebaki. Udongo unaobaki, yaani marudio, huuzwa kwa wenye matenki ya kuchenjulia kwa sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu.

Kinachokwisha kwanza

Mlinganyo wa uchenjuaji huo unajulikana tangu karne ya 19: atomi 4 za dhahabu zinahitaji molekuli 8 za sayanaidi ya sodiamu, molekuli 1 ya oksijeni na 2 za maji. Kwa uzito, gramu 788 za dhahabu hutumia gramu 392 za sayanaidi na gramu 32 za oksijeni. Kila gramu ya dhahabu, basi, inadai kama nusu gramu ya sayanaidi.

Tuchukue tenki lenye tani 50 za marudio yenye gramu 2 za dhahabu kwa tani. Dhahabu yote ni gramu 100, na sayanaidi inayohitajika kwenye karatasi ni gramu 50 tu. Lakini matenki ya aina hiyo humiminiwa makumi ya kilo. Sehemu ya ziada hiyo ina sababu, kwa kuwa shaba na madini ya chuma yenye salfa yaliyomo kwenye udongo nayo hula sayanaidi. Sehemu nyingine hutokana na imani kwamba dawa ikizidi, dhahabu nayo itazidi.

Hapo ndipo inapoingia kanuni ya kiambato kikomo, yaani kile kinachokwisha kwanza na kuusimamisha mmenyuko. Malori 10 yakiwa na madereva 6, yatakayovuka mpaka ni 6. Kuongeza malori hakusaidii. Ndani ya tenki, dhahabu ikishayeyuka yote, sayanaidi iliyobaki haina cha kuyeyusha. Na hata kabla ya hapo, kasi ya kazi hushikiliwa na oksijeni, kwa kuwa lita moja ya maji ya uvuguvugu hubeba takriban miligramu 8 tu za gesi hiyo. Sayanaidi ikishapita takriban sehemu ya kumi ya gramu kwa lita, kuiongeza hakuharakishi tena uyeyukaji. Mchenjuaji anayelikausha tenki na kuuacha udongo uvute hewa kabla ya kurudisha maji anaongeza kile kilichopungua, tena bila gharama ya sumu.

Mavuno na kinachopotea

Mavuno ya mmenyuko hupimwa kwa kugawanya kilichopatikana kwa kilichotarajiwa, kisha kuzidisha kwa 100. Tani 10 za mawe yenye gramu 5 kwa tani zina gramu 50 za dhahabu. Mchimbaji akipata gramu 20 kwa zebaki, mavuno yake ni asilimia 40, na gramu 30 zimeondoka na marudio. Ndiyo maana marudio yana bei, na asiyepiga hesabu hiyo huyauza kwa hasara. Zebaki mara nyingi haifikishi nusu, kwani chembe ndogo za dhahabu huiponyoka.

Zebaki nayo haipotei. Donge la dhahabu na zebaki lenye gramu 20 likichomwa na kubaki gramu 10 za dhahabu, gramu 10 za zebaki zimepanda hewani na kuingia kwenye mapafu ya mchomaji na ya walio karibu naye. Mvuke huo hudhuru ubongo na figo, na watoto ndio huumia zaidi. Ritoti, chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke, huirudisha sehemu kubwa ya zebaki ikatumika tena.

Hatari huongezeka marudio yenye zebaki yanapotiwa sayanaidi. Gramu moja ya zebaki inaweza kula karibu gramu nzima ya sayanaidi, mara mbili ya inayoliwa na gramu ya dhahabu. Kisha huyeyuka na kusafiri na maji kwa urahisi zaidi, katika ukanda ambao vijito vyake huelekea Ziwa Rukwa. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka nchi wanachama kuchukua hatua za kukomesha mtindo huo wa kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki, pamoja na uchomaji wa zebaki mahali pa wazi na kwenye makazi ya watu.

Chokaa inayotiwa kwenye tenki pamoja na sayanaidi pia si ya kubania. Bila chokaa ya kutosha, sayanaidi hugeuka gesi inayoweza kuua kwa dakika chache.

Kabla ya kufungua pipa jingine la sayanaidi, mchenjuaji apime kwanza sampuli ya marudio yake. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) ina maabara ya kazi hiyo. Na anayechoma zebaki akianza kutetemeka mikono, kusahausahau au kukosa usingizi, afike kituo cha afya na amweleze daktari waziwazi kazi anayoifanya, kwa sababu dalili hizo hufanana na za magonjwa mengine mengi.