"Orodha" na "Safu" katika Machapisho ya Kompyuta

Mfasiri wa vitabu vya programu za kompyuta hukutana mapema na dhana mbili zinazofanana kwa sura lakini zinazotofautiana kwa tabia. Ni rahisi kuziita zote "orodha". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini haifai kufanya hivyo.

Tuchukue mfano wa lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Orodha ni sehemu ya lugha hiyo yenyewe. Safu za namba huletwa na maktaba ya NumPy, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2006. Mashine ikichapa orodha ya namba tatu, msomaji huona [1, 2, 3]. Ikichapa safu ya namba hizo hizo, huona [1 2 3]. Mabano ni yale yale. Kilichokosekana ni mkato.

Alama hiyo ndogo ina uzito mkubwa. Orodha hiyo ikizidishwa kwa 2, hurudiwa yote: [1, 2, 3, 1, 2, 3]. Safu ikizidishwa kwa 2, kila namba huzidishwa peke yake: [2 4 6]. Orodha ni mfano wa kikapu cha sokoni, hupokea namba, maneno, hata orodha nyingine. Safu ya namba ni mfano wa gwaride: wote sare moja. Ndiyo maana namba 1, 2.5 na 3 zikitiwa katika safu huchapwa [1. 2.5 3.], namba kamili nazo zikivishwa nukta.

Aidha, safu yenye vipengele zaidi ya 1,000 kwa kawaida huchapwa kwa ufupi: vitatu vya mwanzo, nukta tatu, kisha vitatu vya mwisho. Mtumishi wa takwimu asidhani kwamba vingine vimepotea, wala asinakili ukurasa huo jaladani akidhani umekamilika.

Yawezekana kupinga kwamba "safu" tayari hutumika katika majedwali. Pingamizi hilo lina jibu: huko tuseme "safu mlalo" na "safu wima", na "safu" pekee ibaki kwa dhana hii. Mwalimu anayeziita zote "orodha" humnyima mwanafunzi wake maneno ya kueleza kwa nini hesabu moja imeleta majibu mawili.