Programu Gani ya Hesabu Inafaa Duka Lako?

Mwenye duka Chebunyo unajua vile mambo huenda: mteja anachukua unga na sukari leo, analipa pesa ya maziwa ikiingia mwisho wa mwezi. Taarifa ya Till inakuonyesha pesa iliyoingia kwa simu tu. Deni halionekani, wala keshi iliyo kwenye droo.

Kwa hivyo kabla ya kulipia programu ya hesabu, tunakushauri uijaribu bure wiki moja ukijiuliza:

1. Je, inaandika deni kwa jina la mteja?
2. Je, inafanya kazi hata bando ikiisha?
3. Je, inatenganisha mauzo na pesa za nyumbani?
4. Je, ukiiacha, utatoka na rekodi zako zote?

Swali la tatu lina ushuru ndani yake. Tangu Julai 2023, TOT ni asilimia 3 ya mauzo, si ya faida, kwa biashara inayouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Karo uliyotumiwa na ndugu ikihesabiwa kama mauzo, utailipia ushuru. Na la nne: KRA inataka rekodi zitunzwe miaka 5.

Programu isiyojua deni? Baki na daftari kwanza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.