Kisogo cha Mvulana wa Nariokotome

Agosti 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, watafiti walikuwa wamepumzika. Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku wa Kenya, hakuwa mtu wa kulala kambini. Alitoka kunyoosha miguu, na kwenye kokoto nyeusi za volkano akaona kipande kidogo cha mfupa, nacho cheusi vilevile. Kilikuwa cha paji la uso. Kikundi cha wanasayansi Richard Leakey na Alan Walker kikaanza kuchimba, na hatimaye kikafukuliwa karibu kiunzi kizima cha mifupa ya mvulana aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Katika kumbukumbu za Makumbusho ya Taifa, Nairobi, anaitwa KNM-WT 15000.

Jicho la Kamoya limesifiwa sana, na lilistahili. Mimi huwa nawaza miguu yake. Mtu anayetafuta mfupa haangalii anapokanyaga. Kokoto ikiteleza, kifundo cha mguu kinajiweka sawa, goti linalegea kidogo, kiuno kinafuata, na mwenyewe hana habari; mawazo yake yote yako kwenye mawe yaliyo mbele. Msimamizi wa kazi hiyo ni ubongo mdogo, yaani serebelamu, uliojikunja kisogoni chini ya ubongo mkubwa.

Kwa uzito haufiki mbali: ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote. Lakini seli za neva zilipohesabiwa, matokeo yaliyotangazwa 2009 yalionyesha kwamba kati ya takriban bilioni 86 tulizo nazo, kama bilioni 69 zimo humo. Nyingi ni chembe ndogo mno. Juu yao zimepangwa seli kubwa zenye matawi kama mti, ambazo Jan Purkinje alizieleza 1837. Seli moja ya Purkinje inaweza kupokea habari kupitia nyuzi zaidi ya laki moja, halafu uzi mmoja wa pekee, unaotoka kwenye shina la ubongo, huiletea taarifa kwamba mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa.

Na kutarajia ndiyo kazi yenyewe. Habari ya unyayo huchelewa kufika kichwani, ukiisubiri, umeshaanguka. Kwa hiyo amri inapotumwa kwa misuli, nakala yake hupelekwa serebelamu, nayo hukisia mwili utahisi nini baada ya muda mfupi. Kisio likikosea, hatua inayofuata hurekebishwa. Jaribu kujitekenya kwapani. Hucheki, kwa sababu kisogo chako kilishajua kidole kinakuja.

Ni nini hutokea mtambo huu ukiharibika? Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Gordon Holmes aliwapima askari waliopigwa risasi kisogoni. Hawakuwa wamepooza. Lakini mtu akiambiwa aguse pua, kidole kilipitiliza, au kilifika kikitetemeka, na mtetemo uliongezeka kadiri kilivyokaribia. Mgonjwa wake mmoja alieleza kwamba mkono wa kushoto ulijiendea wenyewe, ila wa kulia ilimbidi aufikirie kila unaposogea. Mtu wa hivyo hawezi kutembea huku anatafuta mfupa: kutembea kwenyewe kumemaliza akili yote. Mpaka leo, Lodwar au London, daktari akishuku eneo hilo atakuomba uguse pua yako kisha kidole chake, haraka haraka, au utembee ukigusisha kisigino na vidole vya mguu wa pili. Mlevi wa chang'aa huanguka mtihani huohuo, kwa kuwa pombe nayo huvuruga serebelamu.

Kwa muda mrefu wanasayansi waliishia hapo: ubongo mdogo wa miguu na mikono, ubongo mkubwa wa fikra. Mgawanyo huo ulianza kutikisika 1988. Watafiti wa Marekani waliwapiga watu picha za ubongo wakiwa wanatajiwa jina la kitu ili watoe kitenzi kinachokifaa, mathalani maji, nao waseme kunywa. Hata baada ya kuondoa hesabu ya mdomo kusogea, upande wa kulia wa serebelamu ulionekana umechangamka. Mwaka 1998 Jeremy Schmahmann na Janet Sherman, wa Boston, walieleza habari za wagonjwa 20 wenye madhara ya serebelamu. Pamoja na kuyumba, walishindwa kupanga mambo, maneno yaliwatoka kwa shida, na baadhi yao hisia zilififia au zikapita mipaka. Fikra nazo, kumbe, zina mwendo wa kurekebishwa. Tena ubongo ni mjanja: 2014 iliripotiwa habari ya mwanamke wa China, mwenye miaka 24, aliyezaliwa bila serebelamu. Alisema vizuri akiwa na miaka sita, akatembea na saba, na akaishi.

Turudi kwa mvulana wetu. Fuvu lake lilibeba ubongo wa sentimita za ujazo 880 hivi, kama theluthi mbili ya wetu. Chini ya shingo mambo ni mengine. Meno yanaonyesha alikuwa na miaka minane au tisa, ilhali urefu wake ulikaribia sentimita 160. Miguu ni mirefu, nyonga ni za mtembeaji. Mwaka 1994 Fred Spoor na wenzake walionyesha kwamba mirija ya sikio la ndani, inayoipa serebelamu habari za mizani, ilikuwa katika Homo erectus, spishi ya mvulana huyu, kama ilivyo kwetu. Mwili ulitangulia, ubongo mkubwa ulikuja kumalizia baadaye. Kwa maoni yangu tumezoea mno kusimulia safari ya binadamu kama hadithi ya paji la uso. Robert Barton na Chris Venditti walipolinganisha jamii za nyani, 2014, walikuta kwamba katika ukoo wa sokwe na binadamu serebelamu ilipanuka kwa kasi kuliko ambavyo ukuaji wa ubongo mkubwa ungetabiri.

Je, alisema? Mtafiti Ann MacLarnon aliona tundu la uti wake wa mgongo ni jembamba kifuani, akahoji kama neva zilitosha kudhibiti pumzi ya maneno marefu. Wengine wakajibu kwamba huenda mgongo ule ulikuwa na kasoro, na kwamba mifupa ya watu wa kale wa Dmanisi, Georgia, ina tundu pana kama letu. Ubishi huo haujafungwa.

Kuna jambo moja la leo kwa wakazi wa Lodwar na Kakuma, huko huko Turkana. Umbo lile refu na jembamba hutoa joto upesi, na hilo si jambo dogo, kwa kuwa seli za Purkinje ni miongoni mwa zile ambazo joto kali huziua mapema. Mtu akipigwa na joto, joto la mwili likapita nyuzi 40, anaweza kupona kisha akabaki anayumba na kuburuta maneno maisha yake yote. Kwa hiyo ukimwona mwenzako juani anaanza kupepesuka na kusema ovyo, usidhani amelewa. Mpeleke kivulini, mpunguzie nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na umpeleke hospitali huku ukiendelea kumpoza. Akiwa hajitambui, usimnyweshe chochote.