Simu ya mama ibaki mkononi mwake: namna ya kusaidia biashara ndogo Kavimvira

Anayefika Kavimvira asubuhi anaona kwa macho yake jinsi biashara ndogo inavyoibeba Uvira. Mama wanavuka mpaka kwenda Gatumba na Bujumbura, safari ya kama kilomita 30, na jioni wanarudi na mizigo. Wengine wanapeleka ndagala na mikeke kwenye soko la Mulongwe au Kalimabenge. Kandokando ya barabara kuna kabini zenye majina ya M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Mama wengi wana simu, lakini mtaji wao wote bado unalala ndani ya kitambaa kilichofungwa kiunoni.

Makanisa mengi yanatamani kuwasaidia wachuuzi hawa watumie simu katika biashara. Nia ni njema. Lakini kuna msaada unaomjenga mtu, na kuna msaada unaomwacha akimtegemea mwingine kwa kila hatua. Tueleze kwanza jambo lenyewe.

Pesa ya simu inafanyaje kazi?

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Hapa Kongo, Banque Centrale iliweka kanuni za pesa ya elektroniki mwaka 2011, na Vodacom ikaleta M-Pesa mwaka 2012. Pesa ya simu si pesa mpya. Ni franka zako au dola zako, ulizomkabidhi mwenye kabini, na kampuni ikaandika kiasi kile kile katika akaunti yako.

Mwenye kabini ana akiba mbili: noti zilizo mezani, na pesa zilizo ndani ya simu yake. Ukiweka pesa, anapokea noti na kukupa za simu. Ukitoa, anapokea za simu na kukupa noti. Kwa hiyo siku noti zikimwishia, atakuambia hana pesa, hata kama akaunti yako imejaa. Hajakuibia. Akiba yake ya upande mmoja ndiyo imekwisha.

Haihitaji simu ya bei kubwa wala intaneti. Simu ndogo ya vitufe inatosha. Kumbuka pia kwamba akaunti ina mifuko miwili, wa franka na wa dola. Kabla ya kutuma, hakikisha umechagua mfuko unaotaka.

Inamsaidia wapi mchuuzi?

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba nyingi mjini Uvira. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika nyumba za watu waliokaa karibu na ufuko. Sanduku la pesa lililo chini ya kitanda linakwenda na maji. Kilichoandikwa katika akaunti hakiendi nayo. Hata simu ikipotea, mwenye akaunti anaweza kurudishiwa namba yake, mradi iliandikishwa kwa jina lake.

Faida ya pili ni ya njiani. Anayeagiza bidhaa Baraka anaweza kumlipa mwuzaji bila kubeba noti katika barabara yenye vizuizi vingi. Faida ya tatu inasahauliwa sana: kila malipo yanaacha ujumbe. Jioni mama anaweza kuona ni kiasi gani kimeingia na ni kiasi gani kimetoka, na hapo anajua kama biashara inamlisha yeye, au yeye ndiye anayeilisha biashara.

Inamwumiza wapi?

Ya kwanza ni malipo ya huduma. Tuseme mama anapata faida ya franka 5 000 kwa siku. Akiweka pesa jioni na kuzitoa zote asubuhi ili anunue ndagala, na kila mara anapotoa anakatwa franka 1 000, basi katika siku sita za kazi ametoa franka 6 000. Faida ya siku nzima imekwisha, na zaidi. Mama huyu asiingize mtaji wa kila siku katika simu. Aweke ile akiba tu ambayo hataigusa upesi, na alipe kwa simu pale ambapo mwuzaji naye anapokea kwa simu.

Ya pili ni noti kukosekana. Mwaka 2025 benki zilipofungwa Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari kwa sababu ya vita, watu wengi walikimbilia pesa za simu, na kupata noti kukawa kazi ngumu. Ni hekima kutoweka mtaji wote mahali pamoja. Sehemu ikae ndani ya simu, sehemu iwe noti, na sehemu iwe mali yenyewe.

Ya tatu ni mpaka. Gatumba ni jirani, lakini faranga za Burundi na mitandao yake ni mingine. Usivuke ukiamini tu kwamba akaunti yako ya Kongo itakulipia upande wa pili. Uliza kwanza kwenye kabini, na umwulize pia mwuzaji wako.

Ya nne ni wadanganyifu. Mtu anapiga simu: «Mama, nimekutumia pesa kwa kosa, nirudishie upesi.» Ujumbe wa uongo nao unaingia. Usitazame ujumbe. Tazama akaunti yako mwenyewe. Kama haikuongezeka, hakuna kilichotumwa.

Msaada wa kweli ni upi?

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Mama asiyesoma vizuri anampa kijana simu yake pamoja na namba ya siri, naye kijana anamfanyia kila kitu. Au akaunti inaandikishwa kwa jina la mume, la shemeji au la mtoto. Siku ya mafarakano, siku ya kifo, au siku kijana anapohama, mama hana la kusema juu ya pesa alizozitolea jasho.

Kwa hiyo anayesaidia ashike mambo manne. Akaunti iandikishwe kwa jina la mama mwenyewe. Namba ya siri aiingize yeye kwa kidole chake, na msaidizi ageuze uso. Ajifunze maneno machache ya Kifaransa yanayotokea kwenye simu: *solde* ni pesa zilizobaki, *dépôt* ni kuweka, *retrait* ni kutoa. Na ajaribu kwa kiasi kidogo, mara nyingi, mpaka mkono uzoee. Kama hajui herufi, anaweza kujua nafasi: moja ni kutuma, mbili ni kutoa, kwa kadiri ya mtandao wake.

Kazi hii haihitaji mradi mkubwa. Vikundi vya akiba, AVEC na MUSO, vipo tayari katika makanisa yetu, na ndani yake watu wanajuana. Kikundi kinaweza kutenga nusu saa baada ya mkutano: mama watatu, simu tatu, msaidizi mmoja. Kila mmoja aonyeshe mbele ya wenzake kwamba anaweza kutazama *solde* bila kusaidiwa. Daftari la kikundi liendelee kuandikwa, kwa sababu simu huzima na umeme hukatika.

Tusihesabu akaunti ngapi zimefunguliwa kanisani. Tuhesabu ni mama wangapi wanaoweza kwenda kabini peke yao, kutoa pesa zao, kuzihesabu, na kurudi nyumbani bila mtu mwingine kujua namba yao.