Masisi na Walikale: Friwili ya baiskeli haitaki nyundo

Katika barabara za tope za Masisi na Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini, baiskeli hubeba mizigo mizito, na friwili, kile chuma chenye meno kinachovutwa na mnyororo, huisha.

Kuitoa si rahisi, kwani kila ukikanyaga pedali unazidi kuikaza. Fundi akiipiga kwa nyundo na patasi, anaweza kuharibu nyuzi za kitovu cha gurudumu, na mwenye baiskeli akanunua kitovu kipya.

Chombo kinachofaa ni kile ambacho meno yake yanaingia sawasawa katika mapengo ya friwili, yawe mawili au manne. Kishikwe na nati ya ekseli kisiteleze, kizungushwe kwa spana ndefu kuelekea kushoto. Friwili ikianza kuachia, nati ilegezwe.