Majina ya Vyombo Vinavyoandamana na Ngoma

Neno ngoma katika Kiswahili lina maana tatu: chombo kilichowambwa ngozi, mchezo unaochezwa kwa chombo hicho, na shughuli nzima ya watu waliokusanyika. Lakini mlio wa ngozi peke yake hautoshi. Huongezewa milio ya vyombo vidogo, na kila kimoja kina jina lake. Wafasiri wengi huyaeleza majina hayo kwa neno moja tu, na tofauti zake zikapotea.

Vyombo vya kutikiswa ndivyo vinavyochanganywa zaidi. Kayamba ni chombo bapa cha matete yaliyofungwa pamoja, chenye mbegu ndani yake. Hushikwa kwa mikono miwili, nacho huchakarisha. Huko Réunion chombo cha namna hiyo huitwa kayamb, na hutumiwa katika muziki wa maloya. Manyanga ni vibuyu vilivyotiwa mbegu au changarawe. Cherewa za kidumbaki cha Unguja ni vifuu vya nazi vyenye mbegu. Njuga ni kengele ndogo za kufungwa miguuni. Msewe nao hufungwa mguuni, lakini husukwa kwa majani, na kwa hiyo mlio wake ni mkavu.

Tofauti hii si ya vitu tu. Kayamba na manyanga ni vya mpigaji. Njuga na msewe ni vya mchezaji, ambaye kwa kila hatua huijibu ngoma kwa miguu yake. Mwenye kuvifasiri vyote kwa neno moja hamjulishi msomaji ni nani aliyeutoa mlio.

Vyombo vya kugongwa havina utata mwingi: upatu wa shaba, pembe ya nyati katika vugo la arusi za Lamu, na mkwasa, yaani vijiti vya kugonganishwa.

Swali hilo hilo linatokea katika ngoma za bendi za dansi, ambazo mtu mmoja huzipiga kwa mikono na miguu. Wapigaji wengine huvika pete yenye visahani vya bati juu ya matuazi mawili yanayokutanishwa kwa kukanyaga, ili kila mkanyago ulize bati pia. Kuiita pete hiyo njuga kwa kuwa mguu ndio unaoiliza ni kumpotosha msomaji, maana haivaliwi na mchezaji. Visahani vyake ni vya tari, na jina linalofaa litokane na tari.